Niliichagua Pampu Kwanza

Sauti ilinifikia kabla sijafungua mlango wa kituo. Tia kokoto kwenye debe, ulitikise: ndivyo ilivyokuwa. Kilikuwa kituo cha kwanza nilichokisanifu mwenyewe kuanzia karatasi tupu, cha kupandisha maji safi kutoka tangi la chini hadi tangi la juu. Kilikuwa na wiki tatu tangu kiwashwe, na pampu ilikuwa tayari inajila yenyewe kwa ndani.

Mzee aliyekuwa zamu alikuwa ameshapata dawa yake. Alizungusha geti vali, akaifunga karibu nusu, kelele ikapungua. "Ukiibana kidogo inatulia, Mhandisi," akaniambia kwa upole, kama mtu anayemfundisha mgeni namna ya kufungua mlango mkaidi.

Nilipokokotoa upya jioni ile sikuona kosa la kujumlisha wala kuzidisha. Nililokosea ni mpangilio. Nilifungua katalogi nikapenda pampu fulani, halafu nikaandika hesabu za kuithibitisha. Tena kila mkono uliogusa karatasi zile uliongeza "kidogo cha usalama." Mimi niliongeza asilimia 10 kwenye kiasi cha maji na asilimia 15 kwenye kimo cha kusukuma. Aliyenikagua naye akaongeza yake. Na kwenye msuguano wa bomba nilitumia namba ya bomba kuukuu la chuma, 100 kwa kanuni ya Hazen-Williams, ilhali tulilaza plastiki mpya yenye namba 150. Tofauti hiyo peke yake inaushusha msuguano hadi chini ya nusu.

Kwa asiyewahi kufanya kazi hii: kuna mistari miwili. Wa kwanza ni wa pampu, unaoshuka. Kadiri maji yanavyotoka mengi, ndivyo nguvu ya kuyainua inavyopungua. Wa pili ni wa bomba, unaopanda. Unaanzia kwenye tofauti ya kimo kati ya maji ya chini na ya juu, kisha unaongezeka kwa msuguano. Pampu hufanya kazi pale mistari hiyo inapokatana, si pale ulipoandika kwenye ripoti. Mimi nilichora wa bomba juu kuliko ulivyo. Pampu ilipokuta bomba jepesi ikakimbilia kulia kabisa mwa mchoro, ikamwaga maji mengi kupita ilivyokusudiwa, ikataka mgandamizo mkubwa zaidi upande wa kufyonza kuliko uliokuwepo. Maji yakachemka bila moto ndani ya impela, lile gurudumu linalozunguka ndani ya pampu, mapovu yakapasuka juu ya chuma. Ndizo kokoto nilizozisikia. Wenyewe huita kavitesheni.

Dawa ya mzee ilikuwa ya kweli, ila ghali. Kusukuma lita 50 kwa sekunde dhidi ya vali iliyobanwa inayokula mita 10 za kimo, kwa pampu yenye ufanisi wa asilimia 70, ni kilowati 7 zinazoteketea bure. Ikiendeshwa usiku na mchana, hizo ni zaidi ya uniti 60,000 za umeme kwa mwaka, kulipia ukaidi wa mtu mmoja. Tuliitoa impela tukaipeleka karakana, ikapunguzwa kipenyo, ikarudi. Usafiri, mafundi na siku za kituo kusimama vilikatwa kwenye ada yangu. Niliumia, lakini aibu ilinikaa muda mrefu zaidi.

Kwa hiyo chora mstari wa bomba kwanza. Na usichore mmoja; chora miwili, wa bomba likiwa jipya na wa bomba likiwa limezeeka, tangi la chini likiwa limejaa na likiwa karibu tupu. Pampu inatakiwa iishi vizuri kati ya mistari hiyo yote. Halafu soma maandishi madogo ya katalogi. Rafiki yangu mmoja alinunua pampu kwa mchoro wa umeme wa hezi 60 akaifunga kwenye gridi ya hezi 50. Mwendo ulishuka hadi sehemu tano kwa sita, na kwa kuwa kimo hufuata mraba wa mwendo, akabaki na asilimia 69 ya kimo alichokitarajia. Maji hayakufika juu kabisa.

Kituo cha pili kilikuwa cha maji taka, na huko ndiko nilikosomea hasa.

Hakukuwa na kituo cha kununua kikiwa tayari ambacho kingekaa pale. Kiwanja kilikuwa chembamba, bomba la kuingiza maji liko chini sana, na maji ya ardhini hayakuwa mbali na uso. Ndiyo sababu waliniita. Nilisanifu chemba ya mviringo ya zege yenye kipenyo cha mita 3 kwa ndani na mita 3.4 kwa nje, kina mita 6. Pampu mbili za kuzama, moja ikifanya kazi na nyingine ikisubiri zamu. Michoro ilikuwa mizuri. Niliitundika ukutani.

Usiku mmoja wakati wa ujenzi mvua ilinyesha, pampu ya kukausha shimo ikaishiwa mafuta, na maji yakapanda pembeni mwa chemba ambayo ilikuwa bado haijafukiwa. Asubuhi mkandarasi alinipigia simu akaniambia maneno manne: "Chemba yako imeelea, njoo."

Nilidhani ananitania. Zege linaeleaje? Nilipofika nikalikuta limesimama kwa ulalo, limeinuka sentimita kama 15, bomba la kuingilia limekatika kwenye maungio. Hesabu ilikuwa ya mwanafunzi wa sekondari na sikuwa nimeifanya. Chemba tupu ilikuwa na zege la takriban tani 34. Ikizingirwa na maji hadi juu inasukumwa kwenda juu kwa zaidi ya tani 54. Maji hayakuhitaji hata kufika juu. Yalipokaribia mita 4 tu, chemba ikawa mtumbwi.

Kulikuwa na mabishano makali kuhusu nani alipe. Mkandarasi aliacha pampu izimike, kweli. Lakini hata kituo kikikamilika, siku kitakapokaushwa kwa matengenezo wakati maji ya ardhini yako juu, hali ingekuwa ile ile. Tuligawana hasara. Tulipanua kitako cha chemba kitokeze nje ya ukuta, ili udongo wa kujazia ukikalie na uwe uzito wa kusaidia. Nikaandika kwenye michoro, kwa herufi kubwa, kimo cha maji ya ardhini ambacho chemba haitakiwi kuwa tupu kikivukwa. Ukiona mchoro wa chemba ya chini ya ardhi usio na hesabu ya kuelea, iulizie kabla hujaweka sahihi. Na hesabu hiyo ifanywe kwa siku mbaya zaidi ya ujenzi pia.

Kosa lililofuata lilikuwa la kimyakimya. Niliogopa chemba kujaa, nikaipa nafasi kubwa ya kukusanyia, lita 15,000 kati ya kimo cha kuwasha na cha kuzima. Nilijiambia kubwa ni salama. Kwa maji safi, pengine. Maji taka ni kitu hai, yakikaa yanachacha.

Kuna kanuni fupi ya kupata ujazo huo. Pampu huwaka na kuzima mara nyingi zaidi pale maji yanayoingia yanapokuwa nusu ya uwezo wake. Kwa hiyo ujazo unaohitajika ni uwezo wa pampu mara muda wa chini kati ya kuwaka na kuwaka tena, gawanya kwa 4. Pampu yangu ilikuwa ya lita 18 kwa sekunde, na mota iliruhusiwa kuwashwa mara 10 kwa saa, yaani kila sekunde 360. Jibu ni lita 1,620. Katika chemba ile ni sentimita 23 za kina, basi. Mimi niliweka karibu mara tisa ya hapo. Usiku, maji yakiingia lita 1 kwa sekunde, yalikaa zaidi ya saa 4 kabla pampu haijashtuka.

Bomba la kupeleka nalo lilikuwa na ugonjwa huo huo. Nilichukua la milimita 250 kwa sababu makadirio yalisema wakazi wataongezeka baada ya miaka 20. Lita 18 kwa sekunde kwenye bomba hilo hutembea sentimita 37 kwa sekunde, na maji taka yanataka angalau kama sentimita 70 ili mchanga usilale njiani. Bomba la milimita 150 lingeyapa mwendo wa mita 1. Nilikuwa nimewajengea watu ambao hawajazaliwa, na waliopo wakavuta harufu. Leo ningelaza mabomba mawili ya ukubwa tofauti kwenye mtaro mmoja, moja likafungwa likisubiri miaka yake.

Harufu ile ni ya haidrojeni salfaidi, gesi ya mayai viza, na haikomei kwenye kukera pua. Bakteria wanaoishi kwenye unyevu wa kuta, juu ya maji, huigeuza kuwa asidi ya salfa inayolilainisha zege. Ndani ya mwaka wa pili ukuta wa juu ulikuwa ukikwanguliwa kwa kucha.

Hapa lazima nieleze siku moja ambayo bado nikiikumbuka mikono inalowa. Pampu ilikuwa imeziba. Nikaamua nishuke nione mwenyewe, kwa sababu nilikuwa msanifu na nilitaka kuonekana siogopi uchafu. Tulifungua kifuniko. Harufu ilikuwa kali, tukasogea, tukarudi, na baada ya kitambo nikasema, "Afadhali, imetoka." Nikaweka mguu kwenye ngazi.

Mzee wa zamu, mwingine kabisa, aliyefanya kazi kwenye maji taka tangu ujanani, alinishika kola ya shati akanivuta nyuma kama mtoto.

"Haijatoka. Pua yako ndiyo imekufa."

Akafunga kipima gesi kwenye kamba, akakishusha taratibu. Kabla hakijafika nusu ya chemba kilianza kulia. Gesi ile ni nzito kuliko hewa, hutuama chini, na ikifika karibu sehemu 100 kwa milioni hunyamazisha hisia ya kunusa. Mtu hudhani hali imekuwa shwari. Ikiongezeka mara kadhaa juu ya hapo, pumzi chache zinatosha. Na anayeshuka kumwokoa mwenzake ndiye mara nyingi huwa maiti wa pili.

Mzee hakunikemea mbele ya vijana. Alingoja tukiwa wawili, akaniuliza, "Mhandisi, kwa nini umetuchorea chemba inayotutaka tushuke?"

Sikuwa na jibu, kwa sababu sikuwa nimewahi kujiuliza. Vali zangu za kuzuia maji yasirudi zilikuwa ndani ya chemba, kina cha mita 4. Vali ya namna hiyo hukwama, huhitaji kufunguliwa na kusafishwa. Kwa hiyo nilimpangia binadamu miadi na gesi kila inapokwama. Nafasi ya kifuniko ilitosha pampu kupita ikiwa wima kabisa, lakini pampu iliyovaa matambara haipandi wima. Mnyororo wa kuinulia ulikuwa wa chuma cha kawaida, ukala kutu katika miezi. Maboya ya kuwasha na kuzima yalining'inia karibu na mlango wa maji, yakajisokota kwenye nyaya zao.

Tulibadilisha karibu vyote. Chemba ndogo kavu ya vali ikajengwa pembeni, kimo cha mtu kusimama na kutoka. Mnyororo ukawa wa chuma kisichoshika kutu, na pampu zikateleza kwenye reli mbili hadi kwenye kiunganishi chake chini, zikajifunga kwa uzito wake zenyewe. Kimo cha kuzima tulikishusha na cha kuwasha tukakileta karibu yake. Kwa kupima kina tukaweka kipimo cha mgandamizo, na maboya mawili yakabaki kama mashahidi: la juu la kupiga kengele, la chini la kuzima pampu isikauke. Kipimo cha mawimbi ya sauti tulikijaribu, kikawa kinasoma mapande ya mafuta yaliyoelea badala ya maji.

Kuhusu kuziba, niseme wazi kwamba hakuna impela isiyoziba. Wauzaji watakuonyesha tundu linalopitisha mpira wa milimita 80, na ni kweli mpira unapita. Kinachoziba pampu si mpira. Ni vile vitambaa laini vya kufutia vinavyotupwa chooni, vinavyosokotana kuwa kamba. Impela ya kuzungusha kimbunga haizibi upesi lakini inakula umeme zaidi. Ya kukatakata inasaidia hadi visu vitakapoisha makali. Mwisho wa yote tulichagua yenye ufanisi wa wastani, na paneli inayoweza kuizungusha kinyume kwa sekunde chache mzigo wa umeme ukipanda. Simu za usiku zilipungua. Hazikuisha.

Jambo la vidhibiti mwendo vya mota nalipitia haraka, kwa kuwa kila zabuni inavitaka kama mapambo. Kweli, nguvu hufuata mchemraba wa mwendo, na hesabu hiyo ikiandikwa kwenye kijitabu cha matangazo inavutia. Lakini kama sehemu kubwa ya kazi ni kupandisha maji kimo kirefu, ukipunguza mwendo kidogo tu pampu inazunguka bila kutoa tone. Kwenye bomba refu la tambarare vinalipa. Kwenye mlima, pima kwanza.

Na umeme ukikatika ghafla? Safu ya maji iliyokuwa ikitembea inasimama, na mshtuko wake hurudi kama nyundo. Kwenye bomba la chuma, kila mita 1 kwa sekunde ya mwendo inayopotea ghafla huzalisha mgandamizo wa takriban mita 100 za maji. Plastiki hutanuka kidogo, hivyo mshtuko ni mdogo zaidi, ila nayo ikivutwa na utupu hujikunja. Nilipata bahati: bomba langu lilikuwa na mwendo mdogo kiasi kwamba nyundo haikuwa na nguvu. Kosa moja lilinifichia jingine.

Kituo cha tatu kilikuwa cha maji ya mvua. Nilikwenda nikiwa mnyenyekevu, nikijua nimeiva, na hizo mbili hazikai pamoja.

Ukubwa ndio kitu cha kwanza kinachokushtua. Eneo la hekta 5 tu, lenye lami na mapaa yanayomwaga asilimia 80 ya mvua, likipigwa na mvua ya milimita 100 kwa saa, hutoa lita 1,100 kwa sekunde. Linganisha na zile 18 zilizonitoa jasho. Halafu mitambo hii mikubwa hulala miezi, inaamshwa ghafla usiku wa dhoruba, usiku ule ule ambao nguzo za umeme huanguka. Jenereta hapo ni sehemu ya pampu, na haikai sakafuni. Tuliipandisha jukwaani pamoja na paneli. Tulijenga hata mfano mdogo wa mbao na plastiki ya kuonea ndani, tukaona jinsi maji yakiingia kwa kona yanavyojipinda na kuzaa kimbunga chenye kuvuta hewa mbele ya pampu moja huku nyingine ikipata maji tulivu. Ukuta mfupi wa kuyatuliza ukamaliza tatizo kabla hatujamwaga zege. Hela iliyokwenda kwenye mfano ule sijutii hata kidogo.

Mvua kubwa ya kwanza, pampu zilizimika zenyewe.

Nilikuwa kituoni. Taa zote za kijani, jenereta inanguruma, na skrini inasema chemba haina maji. Nje maji yalikuwa magotini. Ilinichukua dakika nyingi mno, na nazihesabu hadi leo, kufikia kwenye chujio la nondo la mlangoni. Majani, chupa na magunia ya mvua ya kwanza baada ya kiangazi vilikuwa vimejenga ukuta. Upande wa barabara maji yalikuwa juu ya mita 2; upande wa pampu kulikuwa na dimbwi. Kipimo changu cha kina kilikuwa upande mmoja tu, ule wa pampu. Mashine ilikuwa inasema ukweli mtupu kuhusu mahali pasipofaa.

Tulivuta uchafu kwa reki hadi alfajiri. Nyumba kadhaa za chini ziliingiliwa na maji, na nilikwenda kuziona mchana wake. Mama mmoja alikuwa anaanika madaftari ya watoto kwenye kamba ya nguo. Hakujua mimi ni nani, nami sikumwambia. Hilo sijivunii.

Sasa kuna vipimo viwili, mbele na nyuma ya chujio, na tofauti yao ikizidi sentimita 20 kengele inalia na reki ya mota inaanza kukwangua. Nondo zimeinamishwa ili mtu aweze kuvuta uchafu kwa mkono mota ikigoma, na kuna jukwaa pana la kusimama na kuurundika. Pampu huwashwa mara moja kila mwezi hata jua likiwaka, ili beringi na sili zisigandane. Logi yake huandikwa kwa mkono.

Mwezi uliopita nilianza kituo kingine, cha maji taka. Kabla sijagusa kompyuta nilimwomba yule mzee aliyenivuta kola, ambaye ameshastaafu, twende kiwanjani. Nilichora chemba kwa kijiti kwenye mchanga, nikaeleza bomba linaingilia wapi na linatokea wapi. Alizunguka mchoro mara mbili, mikono nyuma.

"Gari la kreni litasimama wapi?"

Nikamwonyesha. Akatazama juu, kwenye nyaya za umeme zilizopita hapo, kisha akanitazama mimi. Nikafuta kwa kiatu, nikasogea hatua sita, nikachora tena.